The Quiet Man (1952): Mary Kate anang'ang'ania mahari ya nini?

MamaZuu
Wapenzi wa filamu, hodi. Tumetazama The Quiet Man ya John Ford, ile ya kijiji cha Ireland. Nimeipenda mno, ila jambo moja limetugombanisha nyumbani. Sean, mume wa Mary Kate, katoka Marekani, hela anazo, nyumba kanunua. Kaka yake Mary Kate kazuia mahari, basi si wayaache? Mume wangu anasema yule mwanamke ana tamaa tu.

MshengaTanga
Shemeji kamwonea, dada. Mimi napeleka posa za watu, na filamu hii naitazama kwa jicho hilo. Kule mahari yanatoka kwao bibi arusi: fedha zake, pamoja na vyombo alivyoachiwa na mama yake. Mary Kate miaka yote kampikia na kumfulia kaka yake. Anamweleza Sean waziwazi kwamba bila vitu vyake atabaki mtumishi vilevile, kabadilisha nyumba tu. Sean haelewi, na kupigana hataki kwa sababu alipokuwa bondia aliua mtu ulingoni.

Tena angalia mwisho. Danaher, yule kaka mtu, anatupa noti, Mary Kate mwenyewe anafungua mlango wa tanuru la mashine ya kupuria nafaka, Sean anazitia motoni. Mwanamke anaondoka kichwa juu, anakwenda kuandaa chakula cha jioni. Mwenye tamaa angezichoma?

Na Michaleen ndiye mshenga hasa! Anawapandisha kwenye gari la farasi, mmoja upande huu, mwingine upande ule, wamepeana migongo, na yeye katikati na hatamu. Barry Fitzgerald kaicheza nafasi hiyo vizuri kupita wote.

Kisauni_254
Sawa, lakini kumburuta mke mashambani kutoka stesheni, kijiji kizima kikifuata kwa shangwe, na mama mmoja akimpa mume fimbo? Mimi hapo sikucheka.

MshengaTanga
Hapo sina la kutetea, ndugu yangu. Ukitazama na watoto, ongea nao kuhusu kipande hicho. Mimi ninachokipenda ni pale wanapomtoroka mshenga kwa baiskeli ya watu wawili.

MamaZuu
Ahsanteni. Lile tanuru sikulitia maanani kabisa. Leo usiku namrudishia baba Zuu kipande hicho.