Tangu korona mwili na mudi vyote vimegoma, nianzie wapi? Naomba ushauri

Mkesha
Habari zenu wadau, naandika saa nane usiku, usingizi hauna hata dalili. Ilianza 2020 kazi zilipohamia nyumbani, mwanzoni niliona poa tu, ila baada ya wiki chache nikawa naamka saa nne, simu iko chini ya mto, kabla sijanawa uso nishasoma leo wamekufa wangapi, moyo unaenda mbio, naishia kwenye biskuti na soda. Jioni bia moja ili kichwa kitulie, moja ikawa tatu, na sigara niliyokuwa nimeiacha miaka 4 ikarudi. Barakoa watu walishazivua zamani lakini mimi nimebaki kule kule, pazia la chumbani sikumbuki nililifungua lini. Je huzuni ndo imeleta haya mazoea au mazoea ndo yameleta huzuni? Kila nikisema Jumatatu naacha vyote, Jumatano nishaanguka na najichukia zaidi.

Mama Wawili
Pole sana ndugu yangu. Hauko peke yako, WHO walisema Machi 2022 kwamba mwaka wa kwanza wa janga sonona na wasiwasi viliongezeka duniani kwa asilimia 25. Usijiite mvivu.

Nesi wa Zamu
Mkuu jibu ni vyote viwili, vinasukumana. Pombe inakupa usingizi haraka, ikianza kuisha mwilini inakukurupusha usiku wa manane, asubuhi umechoka, na mtu aliyechoka anatamani vitamu na hana nguvu ya kutoka, usipotoka huoni mwanga wa asubuhi ambao ndo unaupa mwili saa yake, usiku tena macho makavu. Sigara nayo hivyo hivyo, nikotini ikipungua unapata hasira na wasiwasi, ukivuta unatulia, unaona imekusaidia kumbe imetuliza kiu iliyoileta yenyewe. Ndo maana ukivamia vyote Jumatatu unashindwa. Chagua kimoja, mimi ningechagua saa ya kuamka, iwe ile ile kila siku hata kama umelala vibaya, na pazia lifunguliwe hapo hapo. Usisubiri mudi ije ndo uanze, kwa kawaida mudi inakuja nyuma ya kitendo.

Chuma
Bro kaza tu, pombe kata leo leo yote, mambo ya kidogo kidogo ni kujidanganya.

Nesi wa Zamu
@Chuma naelewa unamtakia mema, ila mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akikata ghafla anaweza kutetemeka mpaka kupata degedege, huyo apunguze akiwa na daktari. Mkesha, ukikosa kunywa siku moja mikono inatetemeka? Na samahani nakuuliza wazi, kuna siku unawaza bora usingekuwepo?

Tembea Nami
Mimi kilichonitoa ni kutembea dakika 10 huku naongea na dada yangu kwenye simu, siku ya kwanza nilifika kona tu nikarudi nalia. WHO wanashauri angalau dakika 150 kwa wiki ila usianze na hiyo namba itakutisha. Habari nikawa nasoma mara moja tu kwa siku, mchana, kitandani marufuku.

Mkesha
Asanteni, nimesoma zote mara mbili. @Nesi hapana sitetemeki, na hayo mawazo sina, ila kukosa raha na kila kitu ni miezi sasa.

Nesi wa Zamu
Nashukuru umejibu. Ikizidi wiki mbili karibu kila siku inatosha kwenda kumuona daktari, na wewe umeshapita hapo mbali. Sonona inatibika, nenda wiki hii, mwambie na habari ya bia na sigara usifiche. Hayo mawazo yakija, usikae nayo peke yako hata usiku mmoja.

Mkesha
Nitaenda Alhamisi, Mama Wawili kanifuata inbox kasema atanipigia asubuhi hiyo. Simu nimeiacha sebuleni inachaji, nimetafuta saa ya mezani ya zamani nikaiwekea betri, nimeitega saa kumi na mbili na nusu. Pazia nimeliacha wazi kabisa.