Tupeane uzoefu: gari lako lililia nini chini, na ikaja kuwa nini?

Mleta mada
Wakuu, hakuna kinachochosha kama mlio wa chini ya gari unaonyamaza ukifika gereji. Mnazunguka na fundi, hasikii kitu. Ukitoka getini tu, ko! Tukusanye visa vyetu hapa, ila usiandike "linalia chini" ukaishia hapo. Linalia lini? Kwenye shimo, kwenye kona, ukishika breki, ukiwasha asubuhi?

Langu liligonga mbele kushoto kwenye vishimo vidogo, mwendo wa taratibu. Ajabu, nikipanda tuta, kimya. Fundi wa kwanza akasema shokapu. Zikabadilishwa zote mbili, kugonga kukabaki palepale. Wa pili hakushika hata spana. Aliliingiza juu ya shimo la gereji likiwa limesimama kwa tairi zake, akaishika linki ya stabilaiza (kijiti kinachounganisha mguu wa tairi na stabilaiza, ile nondo inayopita kutoka upande wa kushoto hadi kulia) kwa mkono na kuitikisa: kwak, kwak. Kumbe tuta linainua tairi zote mbili kwa pamoja, stabilaiza haipati kazi. Kishimo cha upande mmoja ndicho kinachoisokota. Na ukiinua upande mmoja kwa jeki, linki inabanwa, ulegevu wake hauonekani.

Spana 14
Mimi ni tak-tak-tak nikikata kona kali huku nakanyaga mafuta. Nikinyoosha, kimya. Hiyo ni sivi jointi ya nje (kiungo cha ekseli kilicho upande wa tairi), sioni cha kubishania. Chungulia ndani ya rimu: ukikuta grisi imerukaruka, mpira wa jointi umepasuka. Ukiuwahi kabla ya mlio, unabadilisha mpira na kuweka grisi mpya, basi. Mlio ukishaanza ujue mchanga umekwisha kula chuma.

Dereva wa Usiku
Langu lilivuma kama ndege inayojiandaa kuruka, na mvumo ulipanda na spidi. Nilipoweka nyutro likiwa linaserereka, mvumo haukubadilika, nikajua si injini. Kwenye njia nyeupe isiyo na watu nikayumbisha usukani taratibu. Ukienda kulia uzito unalalia kushoto. Mvumo ukiongezeka hapo, anza na beringi ya tairi la kushoto. Ndiyo iliyokuwa.

Mama Wawili
Dereva wa Usiku, nikubishie kidogo. Langu lilivuma hivyohivyo, beringi ikabadilishwa, likaendelea kuvuma! Tairi za nyuma zilikuwa zimelika kwa mawimbi. Pitisha kiganja juu ya meno ya tairi, kwenda na kurudi. Upande mmoja linateleza, ukirudisha mkono linakukwangua. Kabla ya kununua beringi, hamishia tairi za nyuma mbele. Mlio ukihama, kesi ni ya tairi.

Vumbi Tupu
Fupi: barabara ya kokoto, ghafla chuma kwa chuma, watu wanageuka kuangalia. Kijiwe kilibanwa kati ya diski na bati la nyuma yake. Nikarudi rivasi kidogo, kikadondoka. Kama kwako hakidondoki, vua tairi ulivute bati nyuma kwa vidole.

Mzee wa Bushi
Mlio wa kitanda kibovu, kriii, kila gari likizama na kuinuka, mara nyingi ni bushi, zile za mpira kwenye maungio ya miguu ya gari. Chukua chupa ya maji, mwagia bushi moja, mtu abonyeze boneti. Bado? Mwagia nyingine. Itakayonyamaza ndiyo mhalifu. Usiipake oili ya injini, inaharibu mpira.

Sasa hapa ndipo mafundi wengi wanapotukosea. Nilifungiwa bushi mpya za mkono wa chini (chuma kinachoshikilia tairi kwa chini), hazikudumu. Zilikazwa gari likiwa juu, miguu inaning'inia. Lilipotua, mpira ukabaki umesokoteka muda wote mpaka ukachanika. Nati za bushi za mpira hushikizwa tu gari likiwa juu, halafu zinakazwa mwisho uzito wote ukiwa chini. Simama hapohapo uangalie akifanya. (Na wewe unayejifunza nyumbani: usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi.)

Kimya Kimya
Wakuu, la kwangu ni tik-tik-tik nikiwasha asubuhi. Likishapata moto linaisha. Ni nini?

Spana 14
Kimya Kimya, anzia bomba la moshi. Gasketi (kizibo cha kwenye maungio yake) ikivujisha, hulia injini ikiwa baridi, chuma kikitanuka kwa joto kinajiziba. Tafuta masizi meusi kwenye maungio. Kama ni mchakacho wa bati, likiwa limepoa gonga kinga ya joto (bati linalofunika bomba) kwa ngumi. Ikichakacha, klipu ya mpaipu inatosha kuibana.

Dereva wa Usiku
Niongeze moja la haraka. Kama tairi lilifunguliwa karibuni na sasa unasikia gu-gu-gu linalofuata mzunguko wake, usisubiri kufika. Paki pembeni, kagua nati za tairi.