Kabichi nyumbani: ndoo ya lita 20, kiroba au tairi?

Mama_Bustani
Wakuu, nafasi ni uwanja wa nyuma, mita 2 kwa 3, Dar, jua saa 1 asubuhi hadi saa 8 mchana. Vyombo ni ndoo za lita 20, viroba vya kilo 50 na tairi la gari dogo. Kipi kitafungisha vichwa vizuri?

Udongo_Kwanza
Ndoo, mche mmoja kila ndoo. Ukiweka miwili majani yanabanana na vichwa vinabaki kama ngumi. Toboa kwa msumari wa moto matundu 6 kwenye kitako na 4 ubavuni, sentimita 3 juu ya kitako. Ya chini yakizibwa na sakafu, ya ubavuni yanatoa maji. Jaza udongo sehemu 2, samadi iliyooza 1, mchanga 1. Samadi ukiingiza mkono ikawa bado ina joto, iache, itaunguza mizizi.

Kiroba_Kijani
Kwa Dar mimi nasema kiroba. Kinapumua, maji hayatuami, na ukikunja mdomo hadi kina cha sentimita 35 kinabeba udongo mwingi kuliko ndoo. Ila kiweke mahali pake moja kwa moja: jua linakula nyuzi, ukikiburuta baada ya miezi mitatu kinachanika na mizizi inakatika.

Udongo_Kwanza
Kiroba kinakauka upesi, mkuu. Kabichi iliyofunga ikikaa kavu halafu ikapata maji mengi kwa mpigo, kichwa kinapasuka. Anayekitumia atandaze nyasi kavu sentimita 5 na amwagilie asubuhi na jioni, kidogo kidogo.

Mche_Imara
Tairi achana nalo. Ni jeusi, linashika joto, na kabichi ni zao la baridi. Ndiyo maana kabichi ya Lushoto, kule milimani kwenye baridi, inafunga ngumu. Dar pandikiza Mei, vichwa vifunge Julai na Agosti. Chukua aina inayokomaa mapema, mfano Copenhagen Market.

Mbolea ya kupandia (DAP) kifuniko kimoja cha soda, changanya na udongo kabla ya mche. Baada ya wiki 3 mbolea ya kukuzia (CAN) kifuniko kimoja, kwa duara, sentimita 10 kutoka shina; rudia majani ya kati yakianza kujikunja. Ukizidisha utapata majani mapana na kichwa laini.

Mama_Bustani
Asanteni sana. Na wadudu?

Kiroba_Kijani
Geuza majani kila siku ya tatu. Ukiona madoa yanayopitisha mwanga kama kioo, chini yake kuna kiwavi mdogo wa kijani. Ukimgusa anajinyonganyonga na kuning'inia kwa uzi. Huyo ni kiwavi wa nondo mgongo-almasi. Nyunyiza dawa ya Bt (bakteria wanaoua viwavi) jioni, maana jua linaiua, na ilenge upande wa chini wa jani.