Ati "umefika mwisho wako, kauze madafu"! Huyu bwana wa filimbi ametuchosha

mshika_pedi

Mwamjua, sina haja ya kumtaja. Yule kocha wa ngumi hapa Mombasa, filimbi shingoni, kiti chake cha plastiki chini ya pangaboi la pekee ukumbini, simu sikioni tangu raundi ya kwanza hadi ya mwisho. Jioni hii, jasho halijanikauka, amemwambia kijana wa kilo 57 mbele ya watu wote, mamake kijana kasimama mlangoni na chupa ya maji: "Wewe umefika mwisho wako. Kauze madafu."

Kauze madafu! Kwa sauti ile, wallahi abiria wa feri kule Likoni wamegeuka kuangalia nani kafukuzwa.

Na kabla ya kuambiwa akauze madafu kijana kafanywa nini? Katiwa ulingoni na jamaa wa kilo 71, raundi 6 za dakika 3, mapumziko nusu dakika, chini ya mabati saa kumi jioni, na joto hili la kaskazi. Kwa glavu za wakia 10! Hizo za mashindano, sponji yake nyembamba. Sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi, ni wakia 16, na aliye mwepesi sana asishuke chini ya 14. Tena ni hivyo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, mtu yule yule, kasi ile ile, kipigo kile kile, halafu aulizwe mbona miezi mitatu hajasonga hata hatua. Asonge vipi? Anayepigwa kila siku hajifunzi ngumi, ajifunza kujikunja. Kichwa chainama, macho yafumba, jabu, ngumi ya mkono wa mbele, yatoka vizuri lakini yarudi kiunoni badala ya kurudi shavuni, na mkono wa nyuma wa yule jamaa waingia pale pale kila mara. Kosa lenyewe ni hilo moja!

Nalo lina dawa, kila mtu aliyewahi kuvaa pedi za kupokelea ngumi aijua. Pokea jabu kwa pedi moja, na papo hapo mguse shavu kwa pedi ya pili. Mkono ukirudi chini, shavu lapata kofi jepesi. Ukirudi juu, kofi laishia kwenye glavu. Raundi 3 za jabu tupu, mwanzoni mwa mazoezi, mwili haujachoka. Siku inayofuata tena. Si miujiza.

Lakini hapana, tuambiwe tukauze madafu. Mbele ya mama wa mtu!

MtuWaKisauni

Huyo huyo! Saa ya raundi ni simu yake. Simu ikiwa tamu, raundi yawa dakika 5. Chai ikifika, filimbi yalia kabla hujarusha ngumi ya kumi. Mtu ajifunze vipi kugawa pumzi? Ukizoea dakika 3 kamili, mwili wajua wenyewe lini zimebaki sekunde 30 za kumalizia. Kwake huyo, hata Mungu anisamehe, waweza kuzeeka ndani ya raundi moja.

ngumi_mkononi

Bwana mshika pedi, aya tano kwa sababu ya madafu? Taulo ulikuwa nalo begani, si ndiyo? Kilo 57 na kilo 71 zaonekana kwa macho, hazihitaji mizani. Ungelirusha raundi ya pili kusimamisha kipigo, hayo madafu yasingetajwa.

mshika_pedi

Nimesema raundi ya pili, nikasema raundi ya nne, nikajibiwa kwa filimbi. Ulingo ni wake na funguo ni zake. Na wewe usinitoe kwenye neno: amemwambia AKAUZE MADAFU. Mamake kashika maji. Yule mama amefunga chupa, akageuka, hakuuliza kitu.

kona_ya_buluu

Pole kwa kijana. Lakini tuseme na la maana, maana wako wengi waliokwama hivyo na hawajui wamekwama wapi.

Sparingi ngumu mara tatu kwa wiki ni uharibifu. Mara moja yatosha, na ukiwa mbali na pambano hata mara moja kwa wiki mbili. Siku nyingine ni sparingi nyepesi, nguvu ya theluthi, na kila raundi na kazi yake: raundi ya jabu peke yake kwa wote wawili, raundi ya mwilini tu, raundi ambayo mmoja kaegemea kamba, haruhusiwi kurusha, kazi yake kukinga na kutoka kwa upande. Hapo ndipo mtu hujaribu kitu kipya, kwa sababu akikosea hakimgharimu meno. Ukipigwa kwa nguvu warudi kwenye yale uliyoyazoea, na uliyoyazoea ndiyo yaliyokukwamisha.

Badilisha wenza. Ukipigana na mtu mmoja miezi mitatu, humjui bondia, wamjua yeye. Tafuta mrefu, tafuta mfupi wa kuingia ndani, tafuta mshoto, anayesimama na mkono wa kulia mbele. Kwa mshoto, mguu wako wa mbele uwe nje ya wake, na mkono wa nyuma upite katikati. Wengi hukwama hapo tu.

Egemeza simu kwenye kona, rekodi raundi mbili. Tazama miguu kwanza, ngumi baadaye: yapishana ukienda kushoto? Ukimaliza mfululizo wa ngumi wabaki umesimama palepale? Ndipo unapopigwa. Ngumi tatu, kisha hatua ya pembeni, kila mara, hata kwenye begi la kupigia, hata kwenye shado, ukipiga hewa.

Halafu kuna uchovu watu huuita kukosa kipaji. Mapigo ya moyo asubuhi yako juu kuliko kawaida, usingizi mbovu, mikono mizito raundi ya kwanza? Wiki nzima punguza kazi kwa nusu, usiache kabisa. Na hapa Mombasa jipime kabla na baada ya mazoezi. Kijana wa kilo 57 akipoteza zaidi ya kilo moja ya jasho, kasi yashuka, na maamuzi pia. Kwa kila kilo iliyopotea anywe lita moja na nusu kidogo kidogo mpaka usiku, na chakula chenye chumvi.

Kichwa kikimuuma leo au kizunguzungu, asipande tena ulingoni mpaka aonwe na daktari. Kofia ya ngumi huzuia kuchanika, haizuii ubongo kutikisika ndani. Hilo halina mjadala.

MzeeWaMajengo

Kilo 57 mwaicheza? Huo ndio ulikuwa uzito wa Philip Waruinge, bondia wetu wa Kenya. Olimpiki ya Mexico 1968 alirudi na shaba, na bado akapewa kombe la Val Barker la bondia aliyecheza kwa ufundi zaidi mashindano yote. Munich 1972 akarudi na fedha. Miaka minne kati ya shaba na fedha, vijana! Mngemwambia naye akauze madafu 1969? Na Robert Wangila alipochukua dhahabu Olimpiki ya Seoul 1988, kilo 67, fainali akamlaza Mfaransa raundi ya pili. Siku hizi watu wataka mkanda wa ubingwa kabla ya kujua kufunga bendeji za mikononi.

ngumi_mkononi

Mzee shikamoo, lakini hakuna aliyeuliza ya 1968.

MzeeWaMajengo

Marahaba. Ndiyo maana hamwendi mbele, hamuulizi.

dafu_la_Likoni

Samahani wenyeji. Nimesoma uzi mzima nangoja mtu aseme, hakuna. Kuuza madafu kumekuwa tusi lini? Mkwezi akishuka minazi kumi asubuhi, mgongo na viganja vyake hakuna bondia wa huo ukumbi avipatae. Kupiga panga dafu likafunguka bila kumwaga maji ni kifundo cha mkono na shabaha, kutwa, juani. Huyo wa filimbi kwenye kiti cha plastiki hapandi hata ngazi. Ametutukana sisi kuliko kijana, nanyi mwaendelea na jabu.

MtuWaKisauni

Kaka ana haki. Hilo lafaa uzi wake peke yake.

BiGlavu

Mimi langu ni glavu za ukumbi. Madafu sijui, sparingi sijui, zile glavu ni kesi! Watu wanne kwa jioni moja, zatupwa kwenye gunia zimelowa, kesho zatolewa na ukungu wa kijani. Pwani hii hakuna kitu kinachokauka chenyewe. Ukivua, fungua mkanda mpaka mwisho, jaza magazeti yaliyokunjwa, yabadilishe baada ya saa moja, tundika penye upepo. Jua kali hapana, ngozi yapasuka kwenye mshono wa kidole gumba. Na kila mtu aje na bendeji zake, mita 4 na nusu, zifuliwe kila siku. Mnapeana upele halafu mwasingizia mbu.

ngumi_mkononi

Na kamba za kuruka juu ya saruji je? Nusu ya vijana wana maumivu ya mfupa wa muundi. Zulia kuukuu tu latosha, halinunuliwi. Ada ilipanda hata hivyo.

mshika_pedi

Jamani turudi kwenye mada. Mbele ya mamake!!

BiGlavu

Turudi wapi, glavu zanuka. Nani ana za wakia 16 auze? Nimechoka na za gunia.

MtuWaKisauni

Ninazo jozi, mkanda mzima, nyekundu. Za begi na za sparingi sikuzichanganya, sponji haijabonyea.

BiGlavu

Tuma picha. Ya ndani, kwenye kidole gumba, si ya nje. Na niwe wazi, Kisauni siji, tukutane Mwembe Tayari.