Ufukweni, ndani ndani au kushea: ipi inalipa?

Mgeni_Mjini: Wadau habari zenu. Nahamia mji wa pwani kikazi, nimebakiwa na nyumba tatu naomba mnisaidie hesabu. Ya kwanza studio, dakika tano kwa mguu hadi baharini, fenicha zote zimo, kodi inakula asilimia 42 ya mshahara baada ya makato. Ya pili vyumba viwili, iko ndani ndani huko, tupu haina hata pazia, asilimia 26 ila kwenda kazini ni magari mawili. Ya tatu kushea na mtu nisiyemjua, katikati ya mji, asilimia 22. Moyo uko kwa ya kwanza, siwafichi.

Kibarazani: Hiyo 42 ni kodi tupu au na umeme, maji, ulinzi, takataka? Apatimenti za karibu na maji nyingi zina sevisi chaji, lifti, jenereta, na hivyo vitu kwenye tangazo hutaviona. Mbane dalali akutajie kimoja kimoja, akianza "aah si nyingi bosi" ujue ni nyingi.

Fundi_Eisi: Mi nasema neno moja tu, chumvi. Upepo wa bahari unaibeba inakaa kwenye mashine ya nje ya eisi, vile vibati vyembamba vya alumini vinaliwa mpaka ukivigusa vinapukutika kama majivu, sasa hapo eisi inaunguruma usiku kucha chumba hakipoi na umeme unalipa wewe siyo mwenye nyumba. Ukienda kuangalia achana na makochi, toka balkoni uone ile mashine, bawaba za madirisha, skrubu za grili. Inua macho darini pia, ukikuta zege limebanduka nondo zinachungulia basi chumvi imeshaingia, matengenezo ya hapo siyo ya rangi. Na vuta kabati utoke ukutani unuse, unyevu ukikaa juu ya asilimia 60 muda mrefu ukungu lazima uote.

Mgeni_Mjini: Duh kwa hiyo niende ndani ndani?

Mama_Wawili: Subiri kwanza mdogo wangu. Nauli umeweka? Chukua ya siku zidisha siku za kazi, halafu kitanda, friji na jiko gawanya kwa miezi unayotegemea kukaa, ukikaa miaka miwili hazikuumi ila ukikaa miezi sita umeumia. Na huko upepo wa bahari haufiki vizuri kwa hiyo feni au eisi iko palepale.

Mgeni_Mjini: Nimepiga sasa hivi, nauli peke yake inaipandisha hadi 37 😩 na fenicha bado

Dalali_Mstaafu: Kingine hamjagusa, msimu. Studio yenye fenicha jirani na ufukwe, mwenyewe anawaza wageni wa kulala siku mbili tatu maana wanalipa zaidi yako, mkataba wako ukiishia wageni wanapoingia unaambiwa ongeza au hama. Barcelona mpaka manispaa imesema ifikapo Novemba 2028 leseni za apatimenti za watalii, kama 10,000 hivi, hazihuishwi, wenyeji walikuwa wanakosa pa kupanga. Ukiipenda sana hiyo studio taka mkataba wa mwaka mzima na iandikwe kodi haipandi katikati.

Kibarazani: Na mtu asije na ile kanuni ya kodi isizidi asilimia 30 ya kipato kama msahafu, ilitoka kwenye nyumba za umma Marekani, 1969 ilikuwa 25 wakaipandisha 30 mwaka 1981. Mwenye mshahara mdogo hata 30 inamnyonga, cha kuangalia ni kinachobaki mfukoni.

Asiyelala: Mbona kushea mnairuka? Kwa mgeni ndiyo yenyewe, unakaa miezi mitatu unaujua mji ndo unatafuta yako kwa utulivu. Ila majina yote mawili yawe kwenye mkataba na dipoziti kila mtu risiti yake, mwenzako akihama ghafla usibaki na kodi nzima. Nenda kaone usiku, mchana kila nyumba ina utulivu.

Mgeni_Mjini: Nitaenda Ijumaa usiku basi. Ila studio nayo naipitia, siahidi kitu 😂

Fundi_Eisi: Ukifika piga picha ile mashine ya nje kwa karibu uitupie hapa kabla hujatoa hata senti.