Beetle ya 1972: taa ya presha ya oili haiwaki ufunguo ukifunguliwa, lakini inawaka nikikanyaga moto

KobeTanga aliuliza:

Habari zenu wapenzi wa magari ya zamani, na kwa walionizidi umri, shikamooni.

Nina Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1972 niliyorithi kwa baba, ambayo bado ina injini yake ya asili ya kupozwa kwa hewa na umeme wa volti 12. Hapa Tanga mjini gari halinisumbui. Taabu ilianzia kwenye mlima wa kutoka Mombo kwenda Lushoto: baada ya kupanda kwa gia ya pili sehemu kubwa ya njia, nilisimama Soni, na injini ilipokuwa ikiunguruma taratibu taa ya presha ya oili ikaanza kupepesa. Nilipokanyaga moto kidogo ilizima, nilipoachia ikapepesa tena. Injini haikugonga wala haikupoteza nguvu.

Niliporudi, fundi alisema swichi ya presha ya oili imekufa. Alinunua nyingine kwenye duka la vipuri, hesi zikaingia bila shida, akafunga. Tangu hapo mambo yamegeuka. Nikifungua ufunguo kabla ya kuwasha, taa haiwaki kabisa. Asubuhi injini ikiwa baridi, taa inawaka mara tu injini inapoanza kuunguruma. Injini ikishapata joto taa huzima gari likiwa limesimama, kisha huwaka tena nikikanyaga moto. Fundi anasema niizoee, kwa kuwa swichi ni mpya.

Gari hili lina thamani kubwa kwangu kuliko bei yake sokoni, kwa hiyo nimeacha kuliendesha mpaka nielewe. Je, tatizo ni swichi, ni waya, au ni injini yenyewe inayochoka?

WayaNaFyuzi, Nairobi, alijibu:

Ndugu, umefanya vyema kuliegesha, na umefanya vyema zaidi kueleza taa inawaka lini na kuzima lini, kwa sababu maelezo hayo yanatosha kuonyesha kosa la kwanza liko wapi.

Swichi ya asili ya Beetle ni kifaa chepesi sana. Ina kichwa kimoja cha waya, na mwili wake unapata ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, kwa kugusana na injini. Oili isipokuwa na presha, swichi hufunga njia ya umeme na taa huwaka, ndiyo maana taa lazima iwake unapofungua ufunguo kabla injini haijazunguka. Presha ikifika kati ya bar 0.15 na 0.45 (bar ni kipimo cha presha), utando ulio ndani husukumwa, njia inakatika, taa inazima. Ya kwako inafanya kinyume kabisa: inafungua njia pasipo presha na kuifunga presha inapopanda.

Swichi za namna hiyo zipo, na si mbovu. Volkswagen za kupozwa kwa maji, kama Golf za miaka ya 1980, zilitumia swichi mbili: moja ya presha ndogo ya bar 0.3 inayofanya kazi kama ya Beetle, na nyingine ya bar 1.8 inayofanya kinyume, ambayo husomwa na kifaa maalumu cha umeme ambacho gari lako halina. Zote mbili zina hesi za kipenyo cha milimita 10 zenye hatua ya milimita 1, yaani umbali kati ya hesi moja na nyingine, sawa na za Beetle, na kwa hiyo muuzaji au fundi asiyesoma maandishi ya mwilini anaweza kufunga moja badala ya nyingine pasipo kuona dalili yoyote mkononi. Tazama plastiki iliyozunguka kichwa cha waya: ya bar 1.8 kwa kawaida ni nyeupe, ya bar 0.3 ni ya kahawia. Hata hivyo usitegemee rangi peke yake, soma namba iliyogongwa kwenye chuma.

Kabla ya kununua nyingine, thibitisha waya. Fungua ufunguo bila kuwasha injini, chomoa waya wa buluu wenye mstari wa kijani kwenye swichi, uuguse kwenye chuma kisafi cha injini. Taa iwake. Uuachie hewani, na taa izime. Isipowaka, tafuta balbu, fyuzi au waya uliokatika. Ikiwaka hata waya ukiwa hewani, waya umechubuka mahali fulani na kugusa mwili wa gari, na mahali pa kwanza pa kutazama ni pale unapopita kwenye bati la mbele ya injini, kwa sababu mpira wake hukauka na kupasuka kwa joto.

Kuna jambo moja la kukufariji kidogo. Kama kweli swichi hiyo ni ya bar 1.8, basi kila inapowaka unapokanyaga moto inakuambia kwamba injini yako ya moto inafikisha walau presha hiyo. Injini iliyokwisha kabisa isingeiwasha.

FundiMvita, Mombasa, alijibu:

Marahaba, mwanangu. Niliyoyasoma hapo juu kuhusu umeme ni sahihi, nami sitayarudia. Ninachotaka kukusisitizia ni kwamba swichi ya zamani haikuwa na kosa lolote lililothibitishwa. Ilipepesa injini ikiwa moto na ikiunguruma taratibu, ikazima ulipokanyaga moto, na hivyo ndivyo swichi nzima inavyofanya presha inaposhuka hadi mpakani. Kuibadilisha kabla ya kupima presha ni kumnyamazisha shahidi kabla hajasikilizwa. Kama bado unayo, irudishe.

Taa kupepesa kidogo kwenye injini ya moto iliyosimama, kisha kuzima papo hapo mizunguko inapoongezeka, si dharura katika Beetle. Taa kuwaka ukiwa katika mwendo ni dharura: zima injini hapo hapo, hata kama umebakiza kilomita moja kufika nyumbani. Lakini kwa kuwa gari lako halikuwa na tabia hii zamani, lazima kuna kitu kilichobadilika, na kitu hicho kinatafutwa kwa geji ya presha inayofungwa kwenye tundu la swichi. Kipimo cha kiwandani kwa injini hizi, ukitumia oili ya SAE 30 (namba hii huonyesha uzito wa oili) yenye joto la nyuzi 70, ni karibu bar 3 kwenye mizunguko 2500 kwa dakika, na ikishuka chini ya bar 2 injini imechakaa kupita kiasi.

Hata kabla ya geji, kuna ukaguzi usiogharimu shilingi. Chomoa kijiti cha kupimia oili asubuhi, gari likiwa mahali tambarare. Tazama kiwango, kisha nusa. Injini hii inabeba lita 2.5 tu za oili, na oili hiyo inafanya kazi ya kulainisha na sehemu kubwa ya kazi ya kupoza, kwa hiyo kitu kidogo tu kikichanganyika nayo huonekana kwenye presha. Kiwango kikiwa juu ya alama ya juu na oili ikinuka petroli, usiwashe injini tena. Maana yake ni kwamba utando wa mpira wa pampu ya petroli umepasuka na petroli inatiririka ndani ya injini, au sindano ya kabureta haifungi vizuri na petroli inapitia kwenye silinda. Oili nyepesi namna hiyo haiwezi kushika presha kwenye beringi, na mvuke wake unaweza kushika moto.

Ikiwa oili ni safi, nenda kwenye valvu za presha zilizo chini ya injini. Injini za kuanzia modeli ya mwaka 1970 zina mbili, moja upande wa puli na nyingine upande wa flaiwili, na kila moja ina pistoni ndogo na springi nyuma ya kizibo kipana chenye mfereji wa bisibisi. Pistoni ikikwama wazi, presha hupotea. Ikikwama imefunga, presha ya asubuhi hupanda mno na kutoboa rejeta ya oili. Ya upande wa puli ndiyo yenye springi ndefu, basi usizichanganye. Pistoni itoke yenyewe kizibo kikifunguliwa, na kama haitoki, usiikwangue kwa chuma.

Jambo la mwisho kuhusu swichi yenyewe: mwili wa injini hii ni wa magnesiamu, na hesi za swichi zimechongwa kunenepa kadiri zinavyoingia, hivyo hujiziba zenyewe. Usiifunge kwa nguvu, maana utapasua mwili wa injini. Usizungushie mkanda mweupe wa mafundi bomba, kwani unaweza kuzuia ethi na vipande vyake vinaweza kuingia kwenye njia za oili.

MsafiriMoshi alijibu:

Naongeza moja tu kwa sisi tunaopanda milima. Kagua mpira unaozunguka ukingo wa bati la injini. Ukikosekana, hewa ya moto iliyokwisha kupita kwenye silinda inapanda kutoka chini na kufyonzwa tena na feni, na rejeta ya oili, inayopozwa na feni hiyo, hupokea hewa hiyo hiyo ya moto. Vumbi lililogandamana na oili kwenye mapezi ya rejeta hufanya vilevile.

KobeTanga alijibu:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Swichi iliyofungwa ina plastiki nyeupe na imegongwa 1.8 bar, kama ilivyoelezwa. Waya umepita majaribio yote mawili. Swichi ya zamani ilikuwa bado kwenye kopo la fundi, nimeirudisha, na sasa taa inawaka nikifungua ufunguo, kisha taa inazima injini inapoanza kuunguruma.

Kijiti cha oili ndicho kilichonishtua. Kiwango kilikuwa juu ya alama ya juu, ilhali mimi sikuongeza oili, na harufu ya petroli ilikuwa wazi. Pampu ilipofunguliwa, utando wake ulikuwa na mpasuko karibu na ukingo. Nimefunga pampu nyingine, nimemwaga oili yote, nimesafisha chujio la waya lililo chini ya injini na kufunga gasketi zake mpya, kisha nimeweka SAE 40. Pistoni zote mbili za valvu za presha zilitoka zenyewe zikiwa safi. Baada ya hapo tukafunga geji na kuendesha mpaka injini ikapata joto: bar 2.7 kwenye mizunguko 2500, na bar 0.7 gari likiwa limesimama.

Limebaki swali moja. Chini ya pampu ya zamani kulikuwa na gasketi moja tu nyembamba, na fundi ananiambia kwamba hata pampu mpya itapasuka. Je, ni kweli?

FundiMvita alijibu:

Hapo fundi wako amesema kweli, na usilipuuze. Presha uliyopima ni nzuri kwa injini ya umri huo, na kumbuka kwamba oili ya SAE 40 husoma juu kidogo kuliko SAE 30 ya kipimo cha kiwandani.

Pampu husukumwa na fimbo inayopanda na kushuka ndani ya kikalio cha plastiki, na gasketi za chini ya kikalio ndizo zinazopanga urefu wa msukumo huo. Gasketi zikipungua, fimbo huchomoza kupita kiasi na kuuvuta utando kuliko inavyostahili, mpaka uchanike. Ondoa pampu, acha kikalio na gasketi zake mahali pake kisha ukaze nati, na uzungushe puli kwa mkono mpaka fimbo ifike juu kabisa. Pima kutoka juu ya kikalio hadi ncha ya fimbo: iwe milimita 13. Ikizidi, ongeza gasketi chini ya kikalio hadi ipungue, na hakikisha ncha nyembamba ya fimbo imetazama chini. Baada ya safari chache, nusa tena kijiti cha oili kabla ya kwenda Lushoto.