Nitajifunzaje kutofautisha ladha za chai ya majani mazima?

Mwanagenzi_wa_Buli aliandika:

Habari zenu, ndugu wapenzi wa chai. Nimeacha chai ya vifuko na kuhamia kwenye majani mazima kwa sababu nilivutiwa na yale ninayoyasoma kuhusu harufu ya maua katika Tieguanyin, njugu zilizokaangwa katika Longjing na zabibu katika Darjeeling. Kwa sasa ninazo aina tatu: Sencha ya Japani, Tieguanyin ya Anxi, China, na Darjeeling ya India ya mchumo wa kwanza, yaani wa mwanzo wa mwaka. Zote nazinywa bila maziwa wala sukari. Nachemsha maji, namimina juu ya majani ndani ya buli, nasubiri kama dakika tano, kisha nachuja.

Sencha inanijia chungu mpaka nakunja uso, na hizo mbili nyingine, nikifumba macho, siwezi kusema kwa uhakika ipi ni ipi. Je, kuonja chai ni kipaji ambacho mtu huzaliwa nacho, au ni jambo la kujifunza? Na wale ambao kuonja ndiyo kazi yao hufanya nini ambacho mimi sikifanyi? Ningeomba mnieleze sababu pamoja na maelekezo, maana nikiijua sababu nitaweza kujirekebisha mwenyewe nikipata chai nyingine.

Mwonjaji_Mkongwe alijibu:

Karibu sana, ndugu yangu. Kuonja ni jambo la kujifunza, na ulimi wako hauna kasoro yoyote. Hebu tuanze na hizo mbili unazozichanganya, kwa sababu kuna sababu ya haki kabisa ya kuzichanganya.

Chai zako zote tatu zimetoka kwenye mmea mmoja, Camellia sinensis, na kinachozitenganisha zaidi ni yale yaliyolipata jani baada ya kuchumwa. Ndani ya jani bichi mna katekini, ambazo ndizo chanzo kikuu cha ukakasi wa chai, na mna kimeng'enya ambacho, jani likichubuka na kupata hewa, huzigeuza katekini hizo kuwa theaflavini na tharubijini, vitu vinavyoipa chai nyeusi rangi yake nyekundu na uzito wake kinywani. Anayetengeneza Sencha hukizima kimeng'enya hicho kwa mvuke mara tu majani yanapofika kiwandani, ndiyo maana harufu yake hubaki ya majani mabichi na mwani. Anayetengeneza Tieguanyin huyatikisa majani ili kingo zake zichubuke, huyaacha yaoksidike kwa kiasi, yaani kimeng'enya kifanye kazi yake kwa muda, kisha huusimamisha mwendo huo kwa moto. Chai nyeusi huachwa iende mbali zaidi. Lakini Darjeeling ya mchumo wa kwanza, ingawa huuzwa kama chai nyeusi, hunyaushwa kwa nguvu sana kabla ya kusokotwa, na jani lililokauka kiasi hicho haliwezi kuoksidika kikamilifu. Ukilitazama utaona lina ukijani bado. Tieguanyin nyingi za siku hizi nazo hutengenezwa kwa mtindo mwepesi wa kijani. Kwa hiyo umenunua chai mbili zenye rangi hafifu, zote zina harufu ya maua, halafu unajilaumu kwamba zinafanana! Tafuta chai nyeusi kamili, kama Assam ya India au Qimen ya China, uiweke kando ya hiyo Darjeeling, na tofauti itajitokeza kwenye funda la kwanza.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Mwonjaji wa kazi haonji chai moja peke yake. Huzipanga kando kwa kando, huzipima kwa mizani, huzimiminia maji yaleyale kwa muda uleule, ili kitakachotofautiana kiwe ni chai yenyewe. Upo hata utaratibu wa kimataifa wa jambo hili, ISO 3103, uliotolewa mwaka 1980 na kurekebishwa mwaka 2019: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji, maji yawe yamechemka muda huohuo, na majani yakae ndani kwa dakika 6 katika chombo cheupe cha kauri chenye kifuniko. Weupe huo una kazi yake, kwani rangi ya chai haiwezi kusomwa sawasawa ndani ya kikombe cha rangi.

Ukishachuja, nusa kwanza majani yaliyolowa, yakiwa bado ya moto ndani ya chombo. Watu wengi huyatupa bila kuyanusa, na kwa maoni yangu wanatupa nusu ya chai yao. Kisha chukua kijiko, uvute chai kwa nguvu pamoja na hewa mpaka isikike. Najua wengi wetu tulilelewa kuona kunywa kwa sauti ni utovu wa adabu, lakini uvutaji huo huitawanya chai kinywani kote na kuupandisha mvuke wake nyuma ya kinywa hadi puani, na huko puani ndiko karibu kila unachokiita ladha kinakotambuliwa. Ulimi wenyewe hujua mambo machache tu: utamu, uchungu, uchachu, chumvi na umami, yaani ile ladha nzito ya mchuzi. Maua, asali na moshi wa msonobari ni habari za pua. Ukitaka kulithibitisha hilo, ziba pua, meza funda, halafu iachie pua na uone kinachotokea.

Jambo la mwisho kwa leo: tenganisha uchungu na ukakasi. Uchungu ni ladha, nao husikika kwenye ulimi. Ukakasi ni hisia ya kukauka, inayotokea polifenoli za chai, zikiwemo zile katekini, zinaposhikana na protini za mate, na huisikia zaidi kwenye mashavu na fizi. Chai nzuri inaweza kuwa na ukakasi mwingi bila kuwa chungu. Mtu akisema tu kwamba chai fulani ni kali, bado hajatuambia ni ipi kati ya hizo mbili imemkera.

Maji_Kwanza alijibu:

Nayakubali maelezo ya Mwonjaji Mkongwe karibu yote, ila nakuomba usiifanyie Sencha yako hizo dakika 6 ukiwa unataka kuifurahia. Utaratibu ule ni wa ukaguzi. Uliwekwa ili kasoro za chai zisipate pa kujificha, na mnunuzi anayelinganisha mizigo mikubwa ya chai anauhitaji kweli, lakini wewe umekaa na kikombe chako na hakuna anayekudai hukumu.

Uchungu wa Sencha yako unatokana na maji. Katekini na kafeini hutoka kwa wingi maji yanapokuwa ya moto sana, ilhali theanini, ambayo ndiyo inayoleta ule utamu mzito unaofanana na mchuzi, huyeyuka vizuri hata katika maji ya vuguvugu. Mimina Sencha maji ya nyuzi 70 hadi 80 na uiache kwa dakika moja tu. Gyokuro, chai nyingine ya kijani ya Japani, hutaka maji ya moto mdogo zaidi, nyuzi 50 hadi 60, kwa kuwa vichaka vyake hufunikwa kivuli kwa takriban wiki tatu kabla ya kuchumwa, na kivuli hicho huliachia jani theanini nyingi na katekini chache. Haishangazi kwamba theanini yenyewe ilitambuliwa mara ya kwanza ndani ya Gyokuro, huko Japani mwaka 1949. Chai za kijani za China, ambazo hukaangwa kwenye karai badala ya kupigwa mvuke, huvumilia nyuzi 80 au zaidi kidogo. Ulongi nyingi, yaani chai zilizooksidika kwa kiasi kama Tieguanyin yako, huhitaji nyuzi 90 na kuendelea, na Assam unaweza kuimiminia maji yanayotokota bila hofu.

Kama huna kipimajoto, hamisha maji yaliyochemka kutoka chombo kimoja kisicho na moto hadi kingine. Kila uhamishaji huyapoza kwa takriban nyuzi 10.

Kuna jaribio moja ambalo nalipenda kuliko yote, nalo litakujibu bila kutuuliza sisi. Chukua Sencha hiyohiyo, uitie ndani ya maji baridi, uiache kwenye jokofu usiku kucha, kisha uionje asubuhi. Ikiwa ni tamu na laini, chai yako ni nzima na shida ilikuwa moto. Ikiwa bado ni chungu au inanuka vumbi, basi chai yenyewe imechoka, na hakuna ufundi wa kumimina utakaoiokoa.

Usisahau pia aina ya maji. Lu Yu, mwandishi wa China wa karne ya 8 ambaye wapenzi wa chai humrejea hadi leo, aliyaweka maji ya mlimani mbele, ya mto katikati na ya kisima mwisho, na kemia ya leo inatusaidia kuelewa kwa nini aina ya maji ina uzito. Maji magumu, yenye kalsiamu na bikaboneti nyingi, hufanya utando juu ya kikombe, huififiza harufu na kuifanya chai iwe na rangi nzito isiyong'aa. Maji yaliyoondolewa madini yote nayo huiacha chai ikiwa bapa. Ukiona chai zako zote zina ladha moja, jaribu kwanza kubadili maji kabla ya kununua chai nyingine.

Kopo_Kavu alijibu:

Naongeza machache tu. Zile herufi ndefu unazoziona kwenye pakiti za Darjeeling na Assam, kama vile OP au FTGFOP, hueleza ukubwa na mwonekano wa jani, pamoja na wingi wa vichipukizi vyake, na hazikuhakikishii ladha. Usilipe zaidi kwa ajili ya herufi. Tafuta mwaka na majira ya kuchumwa, jina la shamba au angalau la wilaya. Muuzaji asiyeweza kukuambia hayo hanipi imani.

Hifadhi majani kwenye kopo lisilopitisha mwanga wala hewa, mbali na jiko na mbali zaidi na viungo, kwa kuwa jani la chai hunyonya harufu ya kila jirani. Sencha inywe ndani ya miezi michache baada ya kuifungua. Pu'er, chai ya China inayokomazwa, ni habari nyingine kabisa, kwani hiyo huhitaji hewa kidogo na unyevu wa wastani ili iendelee kukomaa kwa miaka.

Mwanagenzi_wa_Buli aliandika:

Nawashukuru sana wakubwa zangu. Sencha ya jokofuni imetoka tamu, tena tamu kwa namna ambayo sikuitarajia kwenye kitu kisicho na sukari, na kwa maji ya nyuzi 70 inakaribiana nayo. Nimeleta Assam nikailinganisha na Darjeeling, na sasa hata harufu ya majani yaliyolowa inanitosha kuzitambua.

Yamebaki mawili. Tieguanyin niliimiminia maji mara ya pili kwa kutotaka kuipoteza, nayo ikawa na ladha nyingi kuliko mara ya kwanza. Je, hilo ni la kawaida? Na ile Assam niliisahau mezani, nilipoirudia ilikuwa imepoa na imekuwa na ukungu kama maji yaliyotiwa tone la maziwa. Imeharibika?

Mwonjaji_Mkongwe alijibu:

Tieguanyin hufinyangwa kuwa vipande vidogo vilivyokazana, na maji ya kwanza huanza tu kuvifungua. Ndiyo maana wanaoifahamu huimiminia maji mara nyingi, kila mara kwa muda mfupi. Weka gramu 5 hadi 7 ndani ya gaiwani, yaani kibakuli chenye kifuniko, ya mililita 100 hivi, mimina maji ya nyuzi 95, subiri sekunde 20, umimine yote kwenye vikombe vidogo, kisha rudia ukiongeza sekunde kidogo kila mara. Maji ya pili na ya tatu ndiyo kilele. Ulongi nzuri itakufikisha kwenye ya sita au zaidi. Kila maji yana tabia yake: maua hutangulia, utamu hufuata, na mwishoni hubaki ladha ya jani na madini. Baada ya kumeza, kaa kimya kidogo na uangalie koo lako. Katika ulongi iliyotengenezwa vizuri, utamu hurudi kutoka kooni wakati kinywa kimeshakuwa kitupu, na mimi hutumia urefu wa utamu huo kuipima chai kuliko kitu kingine chochote, rangi na harufu zikiwemo.

Usiinywe ikiwa bado inaunguza. Ulimi unaoungua haupambanui lolote, na isitoshe, mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliviweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Kwa bahati njema, chai iliyopoa kiasi ndiyo inayofunguka harufu zake vizuri zaidi.

Assam yako haijaharibika hata kidogo. Chai nyeusi yenye nguvu ikipoa, theaflavini na tharubijini hushikana na kafeini na kufanya chembechembe ndogo zinazoizuia nuru kupita; wanunuzi wa chai huufurahia ukungu huo, hasa ukiwa wa rangi inayong'aa, kwa sababu unaonyesha kwamba chai imesheheni. Chai nyepesi kama Darjeeling yako ya mchumo wa kwanza kwa kawaida haifanyi hivyo. Ipashe moto kidogo au iongezee maji ya moto, na utauona ukungu wote ukiyeyuka.